Jua Litapatwa Tarehe 2 Agosti 2027: Usivune Mwani Wako Kabla ya Siku Zake



Juzi usiku nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Jibondo, mkulima wa mwani, kamba zake zinapita mia moja. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza: "Bwana shamba, ni kweli mwaka 2027 jua litapatwa? Maana kuna sauti inazunguka kwenye grupu. Wanasema jua likipatwa mwani unaingia sumu, mnunuzi anaukataa. Tuvune mapema au vipi?"

Nilimjibu kwa kifupi: jua litapatwa kweli, ila mwani hauingii sumu, na usivune mapema. Lakini nikajua jibu la kifupi halitoshi. Nilishawahi kukaa kimya kwenye jambo hili, na mtu akaumia.

KILICHOTOKEA MWAKA 2016

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa nchi nzima ikishuhudia. Wengi mnakumbuka picha za Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, ambako watu walikusanyika kutoka kila upande kuona Jua likibaki kama pete, Mwezi ukiwa katikati. Kwetu Mafia hatukupata pete, lakini sehemu kubwa sana ya Jua ilifunikwa. Ilikuwa karibu na saa sita mchana, maji yameanza kujaa, wakulima wa mwani wanatoka majini. Mwanga ukawa wa ajabu, kama wa magharibi, na kaubaridi kakaingia.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, maneno kama haya haya yalikuwa yamezunguka. Mama mmoja niliyekuwa namtembelea, mchapakazi hasa, akaogopa. Mwani wake ulikuwa na siku 30 tu. Akaung'oa wote kwenye bamvua ya katikati ya Agosti, akaukausha, akaupeleka kwa mnunuzi. Uzito mdogo, na mnunuzi akamwambia ni mchanga, akashusha bei. Mbegu ya msimu uliofuata nayo ikawa shida, kwa kuwa alishang'oa kila kitu.

Nilipofika kwake akaniambia, "Bwana shamba, jua limepatwa saa mbili tatu likapona. Mimi nimepatwa msimu mzima."

Tarehe ya kupatwa nilikuwa naijua. Ilikuwa imetangazwa kila mahali. Ila niliona hilo ni jambo la wanajimu, halinihusu mimi mtu wa mbegu na magonjwa. Hapo ndipo nilipokosea. Kama jambo linamfanya mkulima avune kabla ya siku, basi ni la bwana shamba. Kwa hiyo safari hii nasema mapema.

KWANZA, NI NINI HASA KINACHOTOKEA?

Kupatwa kwa jua ni kivuli. Mwezi unapita kati ya Dunia na Jua, kivuli chake kinatuangukia. Hakuna kinachotoka kwenye Jua ambacho hakitoki siku nyingine. Hakuna mionzi mipya wala sumu inayodondoka. Kinachobadilika ni kimoja tu: mwanga unapungua kwa muda.

Sasa angalia jambo ambalo nyinyi watu wa pwani mnalijua kuliko watu wa bara. Mwezi unakaa upande wa Jua siku moja tu katika mwezi: siku za giza, kabla haujaandama. Kwa hiyo jua haliwezi kupatwa tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, wala tarehe 15. Lazima iwe mwishoni, tarehe 28 au 29 hivi. Tarehe 2 Agosti 2027 itakuwa mwishoni mwa Mfunguo Tano, Mfunguo Sita wa Maulidi ukiwa karibu kuandama. Na siku za mwezi mwandamo ni siku za nini? Bamvua! Kila jua linapopatwa, bamvua ipo. Hakuna jua lililowahi kupatwa wakati wa maji mafu.

Ndiyo maana jambo hili linamgusa mkulima wa mwani kuliko mkulima wa mihogo. Siku ya kupatwa kwa jua ni siku ambayo wewe una ratiba ya kuingia majini.

MBONA HALIPATWI KILA MWEZI?

Swali zuri. Kama mwezi unaandama kila baada ya siku 29 na nusu, mbona hatuoni giza kila mara?

Chukua ringi mbili za baiskeli, moja kubwa kidogo, uingize moja ndani ya nyingine, halafu uinamishe moja kidogo tu. Utaona zinakatana sehemu mbili, upande huu na upande wa pili. Kwingine kote moja iko juu, nyingine chini. Ringi moja ni njia ya Jua angani, nyingine ni njia ya Mwezi. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 hivi. Mara nyingi Mwezi mwandamo unapita juu kidogo ya Jua au chini kidogo, kivuli kinaikosa Dunia. Ukiandama karibu na pale ringi zinapokatana, ndipo jua linapatwa. Nafasi hiyo inakuja kila baada ya karibu miezi sita. Kwa hiyo kila mwaka jua linapatwa mara mbili angalau, mahali fulani duniani, hata kama si Mafia.

SASA TUJE KWENYE RATIBA

Nyinyi mnafanya hesabu za mizunguko kila siku bila kuziita hivyo. Tuseme boti ya mnunuzi inakuja kila baada ya siku 10, na bamvua inakuja kila baada ya siku 15. Zikikutana leo, zitakutana tena lini? Baada ya siku 30. Huhitaji mganga kukwambia.

Mwezi nao una mizunguko yake, na mitatu ndiyo ya muhimu hapa:

1. Kutoka mwandamo hadi mwandamo: siku 29.53.
2. Kutoka kwenye makutano ya ringi hadi kurudi pale pale: siku 27.21.
3. Kutoka Mwezi ukiwa karibu zaidi na Dunia hadi kuwa karibu tena: siku 27.55.

Mizunguko 223 ya kwanza ni siku 6,585 na theluthi. Mizunguko 242 ya pili ni siku 6,585 na kidogo. Mizunguko 239 ya tatu ni siku 6,585 na nusu. Umeona? Yote mitatu inakutana karibu siku moja. Siku hizo ni miaka 18 na siku 11 hivi. Baada ya muda huo Jua, Mwezi na Dunia vinakaa tena karibu vile vile, na jua linapatwa tena kwa namna ile ile. Mzunguko huu unaitwa Saros. Watu wa Babeli ya kale, huko Iraki ya leo, waliufahamu kwa kuandika tarehe kizazi hadi kizazi, wakati darubini haijabuniwa. Daftari tu na subira. Wewe unayeona uvivu kuandika tarehe ya kupanda, umesikia hilo?

Lakini ile theluthi ya siku ina kazi yake. Ni saa 8. Katika saa 8 Dunia inakuwa imezunguka theluthi moja zaidi, kwa hiyo kivuli kinaangukia upande mwingine wa dunia. Inabidi Saros tatu zipite, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, ndipo kivuli kirudi upande wetu.

Tuangalie ukoo wa jua litakalopatwa mwaka 2027:

- 29 Mei 1919: kivuli kamili kilitoka Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki na Kongo, kikagusa nchi ambayo leo ni Tanzania kabla ya kuishia upande wa Msumbiji. Ndiyo siku ambayo Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, akipiga picha za nyota kupima kama nadharia ya Einstein ni ya kweli.
- 30 Juni 1973: miaka 54 baadaye, kivuli kamili kikapita kaskazini mwa Kenya, eneo la Ziwa Turkana. Sisi huku tukapata sehemu. Mwenye babu au bibi aliyekuwa mtu mzima wakati huo amuulize, huenda anakumbuka.
- 11 Julai 1991: Hawaii na Meksiko.
- 22 Julai 2009: India na China.
- 2 Agosti 2027: kimerudi Afrika.

Hesabu mwenyewe: 1973 hadi 1991, miaka 18 na siku 11. 1991 hadi 2009, miaka 18 na siku 11. 2009 hadi 2027, miaka 18 na siku 11. Hakuna aliyelaani, hakuna aliyerogwa. Ni ratiba. Ustadhi mmoja wa hapa kisiwani hulisema vizuri kila tunapozungumza: tumefundishwa kwamba Jua na Mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Watu wanaswali swala yao ya kupatwa kwa jua, halafu wanarudi kazini.

Koo kama huu ziko nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Lile la 2016 ni la ukoo mwingine, nalo litarudi Septemba 2034 huko Amerika ya Kusini. Ndiyo maana usishangae kuona jua linapatwa 2016 na tena 2027 bila kusubiri miaka 18.

MAFIA TUTAONA NINI?

Tarehe 2 Agosti 2027 ni Jumatatu. Kivuli kamili kitapita Hispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemeni na ncha ya kaskazini ya Somalia. Kule Luxor, Misri, giza litazidi dakika sita.

Sisi tuko mbali na njia hiyo, kusini. Tutapata sehemu tu. Litaanza baada ya saa saba mchana, kilele karibu saa nane na nusu, na litamalizika saa tisa na robo hivi au zaidi kidogo. Pale kwenye kilele Mwezi utakuwa umeingia kama theluthi moja ya upana wa Jua. Usichanganye: theluthi ya upana si theluthi ya Jua zima. Ukiung'ata mkate wa mviringo pembeni, kipande unachotoa ni kidogo kuliko unavyodhani. Eneo litakalofunikwa halifiki robo.

Kwa hiyo ndugu zangu, hakutakuwa na giza. Asiyeambiwa anaweza asijue kabisa. Mwanga utapungua chini ya unavyopungua wingu zito likipita.

MAANA YAKE KWA MIFUKO YETU

Mwani. Chukua kalenda. Mwani unahitaji siku 45, yaani bamvua tatu: unapanda bamvua moja, mbili zinapita, ya tatu unavuna. Mwezi utakuwa mpevu usiku wa kuamkia tarehe 19 Juni 2027. Ukipanda bamvua hiyo, siku 45 zinatimia tarehe 3 Agosti, siku moja baada ya jua kupatwa! Yaani mwani wenu mwingi utakuwa unakomaa wiki hiyo hiyo. Na maneno yakianza, watu watakimbilia bamvua ya katikati ya Julai, mwani ukiwa na siku 30. Ni yale yale ya 2016.

Tufanye hesabu. Tuchukulie mwani wako unakua asilimia 4 kwa siku, kwa mfano tu. Mbegu ya gramu 100:

- Siku 30: gramu 324.
- Siku 45: gramu 584.

Ukivuna siku ya 30 umeacha baharini asilimia 44 ya mzigo wako. Mwani unakua kama riba ya benki, siku za mwisho ndizo zinazoleta uzito. Na bado mwani mchanga una ubora mdogo wa ile gundi ambayo mnunuzi anaitafuta. Umepoteza mara mbili.

Kama mwani wako unageuka mweupe na kukatika, hiyo ni ais-ais, na inatokana na joto, maji ya mvua na msongo wa mazingira. Haina uhusiano na kupatwa kwa jua. Tena Agosti ni kusi, maji yamepoa, ni wakati mzuri kwa mwani.

Maji. Hili ndilo la kulichunga kweli. Siku hizo Mwezi utakuwa karibu na Dunia, ndiyo maana unaweza kulifunika Jua lote kule Misri. Mwezi ukiwa karibu, bamvua inakuwa kubwa kuliko kawaida. Tarajia maji kukupwa mbali sana na kujaa juu sana, hasa siku moja mbili tatu baada ya tarehe 2. Kwa hiyo:

- Kabla ya Agosti kagua vigingi na kaza kamba. Kusi nayo ina nguvu.
- Chanja iliyo karibu na ufuko ipandishe juu. Mwani mkavu ukilowa maji ya chumvi unarudi kazi mwanzo.
- Kupwa kubwa ni faida: utafikia kamba za mbali kwa miguu. Panga vibarua mapema.
- Tarehe 2 yenyewe maji yatakupwa asubuhi, kwenye saa nne hivi. Jua likianza kupatwa maji yatakuwa yanajaa, na wewe uwe umeshatoka. Usibaki mwambani unatazama juu, maji yanakuzunguka.

Pampu ya sola. Kwa wenye matikiti na mboga: paneli itatoa umeme pungufu kidogo kwa saa mbili. Haiharibiki. Kama una wasiwasi, mwagilia asubuhi.

Kuku. Kwa kiwango hiki hawatarudi bandani. Usibadili ratiba ya chakula.

MACHO YAKO NI MTAJI

Hapa sina utani. Jua la sehemu halina dakika hata moja ambayo ni salama kulitazama kwa macho matupu. Sehemu ya ndani ya jicho haina maumivu, kwa hiyo inaungua bila wewe kusikia. Unakuja kugundua baadaye kuna doa katikati ya kila unachotazama.

Usitumie miwani ya kawaida ya jua, filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, wala kamera au darubini isiyo na kichujio. Na ile desturi yetu ya kutazama kwenye beseni la maji, tuiache, mwanga unaorudi kutoka majini bado ni mkali. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia Jua yenye alama ya ISO 12312-2, au kioo cha fundi wa kuchomelea namba 14.

Lakini njia nzuri kuliko zote ni ya bure. Kaa chini ya mwembe, Jua liko mgongoni, tazama chini. Kila tundu dogo kati ya majani linachora picha ya Jua mchangani, na siku hiyo vile viduara vyote vitakuwa vimeng'atwa pembeni. Chekecheke la jikoni linafanya hivyo hivyo. Mwaka 2016 niliona hilali mamia chini ya mwembe mmoja, watoto wanazikanyaga wakicheka.

BAADA YA HAPO

Andika na hii: Jumatano, tarehe 21 Mei 2031, jua litapatwa tena asubuhi. Hilo ni kubwa zaidi kwetu, njia ya pete itavuka Tanzania, na sehemu kubwa ya Jua itafunikwa hapa Mafia. Maji yatakuwa yanakupwa, yaani ndiyo saa mnayoingia kazini. Maneno yatakuwa mengi kuliko ya 2027. Anayeanza mwani leo akiwa na miaka 20, atakuwa bosi wa watu wakati huo, na vibarua watamuuliza yeye.

Yule kijana wa Jibondo alinipigia tena jana. Amechora kalenda ukutani: 19 Juni panda, 2 Agosti jua, 3 Agosti vuna. Nikamuuliza, na lile grupu lako? Akacheka. "Nimewatumia hesabu ya gramu, bwana shamba. Wamenyamaza."

Yule mama wa 2016 bado analima. Nimeshampitia nikamwambia tarehe. Safari hii, amesema, atavuna siku ya 45, jua lipatwe lisipatwe.

Kazi njema. Tukutane ufukweni.